Mtoto wangu anakula wali mtupu na chipsi tu, kila saa ya chakula ni vita. Nifanyeje?

Swali nalifupisha maana lilikuwa refu. Limetoka kwa mama mmoja wa Pasua hapa Moshi. Kijana wake ana miaka 3 na miezi 8, yuko nasari. Anakula wali mtupu, chipsi, chapati na maziwa, basi. Mboga ya majani akiiona kwenye sahani analia, nyama anatafuna afu anatema, maharage hataki hata harufu. Dada wa kazi anamkimbiza na sahani mpaka getini, na bila katuni kwenye simu mdomo haufunguki. Maziwa anakunywa vikombe vinne kwa siku "angalau kitu kiingie tumboni", na ameshatengenezewa uji wa lishe wenye mchanganyiko wa vitu 12, kaukataa. Ana kilo 14 na nusu wakati wa jirani, umri huo huo, ana 18. Bibi yake wa Kibosho anasema ni kimeo, akakatwe. Dukani wamemuuzia mama dawa ya hamu ya kula. Anamalizia hivi: "nimechoka mpaka nalia, naogopa mtoto ataisha".

Pole sana dada. Nakuelewa kuliko unavyodhani, maana mimi kazi yangu ni lishe ya watoto, nimeifanya hapa Moshi miaka mingi, afu Mungu akanipa binti ambaye mpaka anafika miaka minne alikuwa hali kitu chochote chenye "madoa". Madoa maana yake kipande cha nyanya, jani la mchicha, kitunguu kilichojificha kwenye wali, chochote kile. Mama anafundisha lishe kliniki, mtoto nyumbani anakula mkate mkavu, majirani walicheka wakachoka aisee.

Tuanze na hizo kilo kwa sababu ndo zinakunyima usingizi. Kilo 14 na nusu kwa mtoto wa kiume wa miezi 44 ni uzito wa kawaida kabisa. Chukua kadi ya kliniki, tafuta miezi 44 pale chini, panda nayo mpaka 14.5, utaangukia kwenye kijani. Katikati ya grafu kwa umri huo ni kilo 15 na kitu, na ukisikia katikati jua kwamba nusu ya watoto wazima wasio na shida yoyote wako chini ya hapo. Wa jirani mwache na kilo zake 18, mwenzio kamzaa wake na wewe wako. Kinachotuambia kitu ni mstari, sio namba moja. Kina mama wengi mtoto akishapata chanjo ya pili ya surua pale miezi 18 kadi inaingia kabatini haitoki tena mpaka shule idai, wakati kupima uzito ni mpaka miaka 5. Kwa hiyo wiki hii mpeleke akapimwe, mwezi ujao tena, na unaofuata. Mstari ukipanda hata taratibu, tuko salama. Ukilala bapa miezi mitatu au ukishuka, hiyo ni habari nyingine na nitaisema huko chini.

Halafu kuna kitu hakuna mtu anawaambia kina mama. Mtoto anazaliwa na kilo 3, akifika mwaka ana 9, yaani mara tatu. Sasa angeendelea na spidi hiyo hiyo, miaka miwili angekuwa na 27 na miaka mitatu kilo 81, unambeba baba mzima mgongoni kumpeleka nasari. Ndo maana mwili unapunguza gia. Baada ya miaka miwili mtoto anaongeza kama kilo 2 kwa mwaka mzima, na kwa sababu hakui kwa kasi ile, njaa yake nayo inapungua. Mama anakumbuka alivyokuwa anafuta bakuli la mtori akiwa na miezi kumi, anaona sasa anakula vijiko vinne, anasema mtoto anaumwa. Haumwi. Vijiko vinne mara nyingi ndo vinavyomtosha. Kipimo cha haraka tunachotumia ni kijiko kimoja cha chakula kwa kila mwaka wa umri, kwa kila aina ya chakula. Yaani wako wali vijiko vitatu vinne, maharage vitatu, mboga vitatu. Nenda kaangalie dada anampakulia kiasi gani, nina hakika ni sahani ya fundi ujenzi.

Na umri wenyewe ndo huo. Kati ya miaka 2 na 6 watoto wengi sana wanaogopa chakula kipya au kinachoonekana tofauti na jana. Inaelezwa kwamba ni kinga ya asili, mtoto akishaanza kutembea mwenyewe shambani bila uoga huo angekula kila jani na kila kidudu. Uchungu nao wanausikia zaidi yetu, ndo maana mnafu kwako mtamu kwake ni dawa ya malaria. Tena kuna sehemu kubwa ya kurithi, wamefuatilia mapacha kule Uingereza wakaliona hilo, kwa hiyo siku bibi akiwa na furaha muulize taratibu baba yake alikuwa anakulaje akiwa mdogo. Utashangaa.

Sasa tatizo lako lenyewe mimi sioni kama ni mboga. Ni hivi, huyu mtoto hajawahi kuachwa asikie njaa, na wakati huo huo hajawahi kuachwa ale mwenyewe.

Angalia maziwa. Vikombe vinne vya nyumbani ni kama lita nzima. Lita ya maziwa inambebea karibu nusu ya nishati anayohitaji siku nzima, na hapo hujaweka chapati ya asubuhi, biskuti za dada, juisi ya paketi aliyonunuliwa kwa Mangi wakati anatoka shule ili asilie njiani. Akifika mezani saa saba na nusu tumbo limejaa, nyie mnasema hana hamu. Hamu anayo, kaimalizia kwenye kikombe! Afu maziwa mengi yana ubaya mwingine, yenyewe hayana madini chuma ya maana na yanachukua nafasi ya vyakula vyenye nayo, mtoto anapungukiwa damu, na mtoto mwenye upungufu wa damu hamu ya kula inashuka zaidi, basi mnazunguka hapo hapo. Chai ya rangi pamoja na chakula nayo inazuia madini chuma kuingia mwilini, watoto wengi hapa mjini wanapewa chai na andazi asubuhi, chai na mkate jioni. Kwa hiyo maziwa yabaki vikombe viwili, viwe vidogo, kimoja asubuhi na kingine saa kumi jioni, na chai ikae mbali na mlo. Usiyaondoe yote siku moja, punguza kikombe kimoja kila baada ya siku tatu nne hivi.

Ule uji wa vitu 12 acha. Sisemi kwa ubaya, najua ulivyohangaika sokoni Mbuyuni kutafuta ulezi na soya na mbegu za maboga na dagaa na sijui nini. Lakini kuchanganya kila kitu hakuongezi akili ya mtoto, kunaongeza ladha ya ajabu na unga unaharibika haraka, hasa ukiwa na karanga. Karanga na mahindi vikikaa vibaya vinaota ukungu wenye sumu, ndo sumukuvu, na sumukuvu siyo hadithi, mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa ajili ya mahindi yenye hiyo sumu. Uji wa unga mmoja wa nafaka, ukauwekea maziwa au karanga ulizokaanga na kusaga mwenyewe wiki hiyo hiyo, unatosha sana.

Dawa ya hamu ya kula, angalia kwenye chupa. Nyingi zinazouzwa zina kitu kinaitwa saiproheptadini (kwenye chupa imeandikwa cyproheptadine), hiyo asili yake ni dawa ya mzio, inaleta usingizi, na njaa inayoleta ni ya kuazima, ukiisimamisha inaondoka nayo. Mimi simpi mtoto mzima dawa ya aina hiyo kwa sababu tu anakataa mchicha. Kama daktari hajakuandikia, iache.

Na kimeo, tafadhali dada, nakuomba kabisa. Kile kinyama kinachoning'inia kooni ni sehemu ya mwili kama pua. Hakizuii chakula. Wanaokata wanatumia kiwembe ambacho hujui jana kilikuwa kwenye koo la nani, watoto wanatokwa damu nyingi, wanapata maambukizi, pepopunda. Nimekaa na mama ambaye mtoto wake aliletwa usiku kwa bodaboda amefungwa kitenge kimelowa, mtoto alipona, ila mama yule mpaka leo tukikutana sokoni hataki kuliongelea. Bibi usimgombeze, nitakwambia cha kumpa huko mbele.

Tuje kwenye lenyewe. Kuna mtaalamu wa lishe wa Marekani anaitwa Ellyn Satter, alitoa mgawanyo ambao mimi ndo naufundisha mpaka kesho. Mzazi anaamua chakula gani, saa ngapi, na kinaliwa wapi. Mtoto anaamua kama atakula na atakula kiasi gani. Basi. Ukiangalia nyumbani kwako mmebadilishana, mtoto ndo anaamua chipsi saa tano na katuni sebuleni, afu wewe unaamua vijiko vingapi viingie. Kila mtu anafanya kazi ya mwenzake, lazima iwe vita.

Wazazi nikiwaambia mtoto ndo anaamua kiasi wanaruka. "Atakufa njaa." Basi nawapa kisa cha daktari mmoja wa watoto, Mmarekani naye, Clara Davis, ambaye kuanzia miaka ya 1920 aliwaweka watoto 15 waliokuwa wameachishwa kunyonya, akawa anawawekea vyakula mbalimbali kwenye trei na manesi wakaambiwa wakae kimya, wasimsifie mtoto, wasimsogezee kitu, wasubiri anyooshe mkono kwanza ndo wamsaidie. Watoto walikula vituko, leo huyu anakula mayai tu, kesho matunda tu, hakuna wawili waliofanana, lakini ukijumlisha kwa muda mrefu walikula vizuri na wakakua vizuri. Kulikuwa na mmoja mwenye matege, kwenye trei yake waliweka na mafuta ya samaki, akawa anayanywa mwenyewe mpaka mifupa ikakaa sawa, afu akaacha kuyataka. Ila mwenyewe Davis alisema wazi siri iko wapi, kwenye zile trei hakukuwa na sukari wala kitu kilichokobolewa. Angeweka biskuti habari ingekuwa nyingine. Umeona? Mtoto kachagua, lakini orodha aliiandika mtu mzima.

Kwa hiyo wewe andika orodha na ratiba. Saa 12 na nusu asubuhi anakula kabla gari la shule halijaja, saa nne anakula shule, saa saba na nusu mchana, saa kumi kitafunwa, saa moja usiku na nyie wote. Katikati ni maji tu. Sio biskuti "kidogo", sio kipande cha chapati ili atulie. Kitafunwa cha saa kumi kiwe chakula, ndizi mbivu, parachichi (tuna bahati huku, mpaka mbwa wanakula parachichi), yai la kuchemsha, kiazi kitamu. Karanga nzima usimpe bado, wala bisi wala pipi ngumu, kwa umri wake zinaweza kumkaba.

Mlo ni mezani au kwenye mkeka, nyie mnakaa wapi sijui, ila pawe pale pale kila siku na asikimbizwe. Dakika 20 mpaka 30, ikiisha sahani inatoka, bila maneno. Kwenye sahani kila mara kuwe na kitu kimoja unachojua anakula, kwa mfano wali, pembeni kijiko cha maharage, pembeni tena majani kidogo sana, hata jani moja. Usimpikie chakula chake peke yake, na usimwekee sahani ambayo hakuna hata kitu kimoja anachokijua, hiyo nayo ni kumwonea. Akila wali tu, sawa. Akiomba wali wa pili, mpe. Ndiyo, mpe, hata kama maharage hajagusa.

Hapo ndo wengi wanashindwa. Maana mtu anaacha kumshika pua na kumimina uji (na hilo kama linafanyika hapo nyumbani likome leo, uji unaweza kwenda kwenye mapafu) lakini anaingia kwenye kubembeleza. "Kijiko kimoja kwa ajili ya baba." "Ona ndege anaingia mdomoni." "Ukimaliza mboga nakupa soda." Yote hayo ni shinikizo, na watoto wanaosukumwa hivyo kwa wastani wanaishia kukichukia zaidi kile chakula. Ile ya soda ndo mbaya kuliko zote, mtoto ana akili, anapiga hesabu kwamba mboga ni ushuru na soda ndo mali. Hata kumpigia makofi akionja nakushauri upunguze. Kesho asipoonja atajua amekukosea. Ongeeni habari za shule, za mbuzi wa jirani, chakula kisiwe ajenda.

Simu izime. Najua katuni inafungua mdomo, lakini mtoto anayeangalia katuni hajui anakula nini wala ameshiba saa ngapi, anameza tu, na tunachotaka yeye ajifunze ni hicho hicho.

Dada wa kazi sasa. Huyu ndo anakaa naye mlo wa mchana na kitafunwa, wewe unarudi saa 12 jioni umechoka, na swali la kwanza unalouliza ukivua viatu ni lipi? "Kala?" Eeh. Dada anajua ukisikia hajala atasemwa, au utamwona mvivu. Kwa hiyo atamkimbiza mpaka getini, atampa simu, atampa biskuti, au atakula mwenyewe akwambie kala vizuri. Mimi ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo. Badilisha swali. Muulize "mmekaa mezani?" na "kulikuwa na nini kwenye sahani?" Mwambie mbele ya mtoto kabisa kwamba kazi yake inaishia kuweka chakula na kukaa naye, chakula kikibaki sio kosa lake. Nimeona nyumba zimetulia kwa hilo moja tu kabla hata menyu haijabadilika.

Siku tatu nne za kwanza zitakuwa ngumu, nisikudanganye. Atasusa. Atalala amekula vijiko viwili na saa tatu usiku atakwambia ana njaa anataka maziwa. Ukimpa umemfundisha kwamba mlo wa kweli uko saa tatu. Mpe maji, mkumbatie, mwambie asubuhi kuna maziwa na yai. Mtoto mzima wa afya, mwenye uzito wa kwenye kijani, hajiui kwa njaa kwenye nyumba ambayo chakula kinawekwa mara tano kwa siku. Ila akiwa ana homa au anaharisha hizi sheria zipumzike, mgonjwa ni mgonjwa.

Mboga sasa, hapa ndo penye kuhitaji moyo. Kukipokea chakula kipya mtoto anahitaji kukutana nacho mara nyingi, mara 8, 10, hata 15, na wazazi wengi tunakata tamaa mara ya tatu au ya nne tunasema "huyu mchicha hali". Kukutana sio lazima kula. Kuna kukiona, kukinusa, kukigusa, kukilamba, kukitia mdomoni na kukitema, zote hizo zinahesabika. Kwa binti yangu nilibandika karatasi kwenye mlango wa friji, kila mchicha ukiwa mezani naweka kistari. Mara tano za kwanza alikuwa anauzungushia kidole kama anafukuza inzi. Ya sita aliusogeza kwenye sahani yangu. Ya nane au ya tisa aliulamba, akakunja sura, akafuta ulimi kwenye shati la shule. Ya 13 ilikuwa Jumapili, akachukua jani moja akalipachika ndani ya tonge la ugali kama mtu anaficha barua, akameza, akanywa maji glasi nzima. Mimi nilikuwa naosha sufuria, sikugeuka. Niliendelea kuisugua ile sufuria ikiwa imeshatakata zamani. Kiasi cha wiki mbili hivi baadae akaniomba "ile mboga ya karanga".

Ya karanga, umeona, sio ya maji. Tusiwape watoto mboga ambayo hata sisi tunaila kwa kuhurumia afya. Mnafu upikie maziwa au karanga uchungu unapungua, kisamvu kipate nazi, matembele yaanze maana ni laini. Kumsagia mboga kwenye supu kimya kimya sio dhambi, vitamini zinaingia, ila hapo hajajifunza kula mboga, kwa hiyo isiwe njia pekee, na siku akigundua ulimdanganya atakagua kila bakuli kama askari wa mizani.

Kinachonipa moyo kwake ni chipsi. Nasema kweli! Tunaanzia pale alipo tunampandisha ngazi moja moja. Chipsi za kununua zinakuwa chipsi za nyumbani. Za nyumbani wiki inayofuata zinachanganywa na vipande vya ndizi mshale vya kukaanga, vimekatwa umbo lile lile. Akizoea, ndizi inachemshwa kwanza afu inapitishwa kwenye mafuta kidogo. Afu ya kuchemsha yenye mchuzi kidogo. Mwisho wa safari unaujua, ni machalari, ndizi za kupikwa na nyama. Inaweza kuchukua miezi miwili, mitatu, kila ngazi akikataa unarudi moja nyuma. Nyama nayo anayotema, nadhani inamchosha kutafuna, steki ngumu hata mimi natema. Mpe ya kusaga, maini laini, dagaa waliosagwa, na pembeni chungwa au kachumbari ya nyanya maana vitamini C inasaidia madini chuma kuingia.

Na wenzake. Hili kila mtu wa huku analijua halafu analisahau. Desemba tunapanda wote migombani, mtoto ambaye mjini alikuwa hali anawekwa kwenye sinia moja na mabinamu saba, na anakula kiburu (ndizi na maharage), na anagombania. Bibi anasema "ona, huku anakula". Kwa nini? Duka liko mbali, siku nzima anapanda na kushuka kilima, hakuna mtu mzima anayemkodolea macho, na wenzake mikono inakwenda haraka asipowahi anakosa. Watoto wanakula wanachoona watoto wenzao wanakula. Huna haja ya kusubiri Krismasi, mwalike mtoto wa jirani Jumamosi, huyo huyo wa kilo 18.

Kuna mambo ambayo hayasubiri ushauri wangu, hayo nenda hospitali. Mstari wa uzito unashuka au umelala kama nilivyosema. Anakabwa au kukohoa kila akila, anatapika mara kwa mara, analalamika kumeza kunauma. Choo kigumu cha siku nyingi, hicho kinaua hamu kweli kweli na wazazi hawakihesabu. Meno yaliyotoboka. Anakula udongo au mkaa, hapo wampime damu. Vyakula anavyokubali vinazidi kupungua mwezi hadi mwezi, au anashindwa kabisa kugusa vitu vya ulaini fulani, na pengine pia haongei kama wenzake, hakutazami ukimwita, hapo inaweza kuwa usonji au shida nyingine inayohitaji mtu wa tiba kazi, yule anayemsaidia mtoto kumudu shughuli za kila siku kama kula na kuvaa, na bahati nzuri hospitali ya KCMC hapa Moshi wanafundisha hiyo fani. Kwako sijaona dalili hizo kwenye ulichoandika. Dawa ya minyoo tu hakikisha kapata, zinatolewa pamoja na matone ya vitamini A kila Juni na Desemba kwa watoto chini ya miaka 5, wakati huo usipitwe.

Bibi wa Kibosho. Huyu anaogopa kama wewe unavyoogopa, ila yeye amerithi jibu la kimeo. Usimpe hotuba, mpe kazi. Mpeleke mtoto Ijumaa jioni, bila biskuti kwenye begi, mwambie bibi "mama, naomba akusaidie kupika mtori, daktari kasema ashike chakula kwa mikono yake". Ukisema daktari atakubali. Bibi anamenya ndizi, yeye anazihesabu anazitumbukiza kwenye beseni la maji, anachambua mnafu jani na kikonyo, mikono inanuka majani, hapo kashakutana na mboga mara moja bila mtu kumwambia kula. Mkirudi Jumapili niandikie kilichotokea, hata kama ni kwamba alimpa mbuzi wa bibi bakuli zima. Na kadi ya kliniki itafute leo, iangalie kwenye ule mfuko wa vyeti.